Bibi wa Bareilly Hataki Maji

Elieth ana uso wa mlango wa benki siku ya Jumapili. Nasema hivi kwa mapenzi, maana ni shoga yangu na jirani yangu, tunatazamana mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu, Columbia Heights, na chumvi ya jikoni kwake nimeila kuliko ya kwangu. Lakini ukweli usemwe. Elieth akifurahi huoni, akinuna huoni. Siku alipopata makaratasi yake ya kuishi Marekani, sisi tulicheza kwenye korido mpaka Wasalvador wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza kuna nini, nao wakabaki kucheza. Mwenyewe alikaa kwenye kochi, akasema, "Namshukuru Mungu," kisha akaenda kufua sare yake ya kazi.

Basi uso huo ndio uliotaka kumkosesha mwanawe mke.

Mwanawe ni Fredy, kijana wa pekee. Mchana anaendesha gari la mizigo la ghala moja huko Landover, jioni anasoma. Kwenye masomo hayo ya jioni ndiko alikokutana na Nivedita, binti wa Kihindi wa Greenbelt. Mama yake alikwishafariki. Kalelewa na baba yake, injinia, na simu za bibi yake kutoka Bareilly, huko kwao India. Nivi, tunavyomwita, ni mtoto wa watu. Akija kwa Elieth hapiti bila kuchungulia kwangu: "Auntie, chai ipo?" Mimi moyoni nilishamwozesha zamani, nikala na pilau.

Baba mtu aliwaita Elieth na Fredy nyumbani kwake wajuane. Elieth alikwenda na gauni lake la kanisani na uso wake wa benki. Aliporudi nilikuwa nimekwishasimama kwenye korido, chai iko jikoni inachemka, kochi limepanguswa.

"Enhe! Lete habari."

"Watu wazuri," akasema.

"Watu wazuri tu? Umefurahi?"

"Nimefurahi sana, Mama Jacky. Yule binti kanipa Mungu."

"Uliwaambia hivyo?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kama alipanda juu ya meza akacheza. "Mama mwenye mtoto wa kiume haonyeshi meno siku ya kwanza. Mama yangu alinifunza hivyo. Ukichekacheka, watu watasema unamnyakua mtoto wao."

Haya. Yeye na mafunzo yake ya Bukoba, na baba mtu na macho yake. Hazikupita siku nyingi Nivi akaja kwangu, safari hii hakuuliza chai, macho mekundu kama pilipili. Baba yake alikuwa amempigia bibi simu: kijana ni mzuri, ana bidii, ana adabu, lakini mama yake amekauka, nadhani hamtaki mtoto wetu. Na bibi, wanamwita Dadi, mama mzaa baba, akajibu kwamba mtoto asiye na mama hawezi kumpeleka kwenye nyumba isiyomfurahia. Anakuja kuona mwenyewe. Akakatiwa tiketi.

"Na Dadi akisema hapana?" nikamuuliza Nivi.

"Basi ni hapana, Auntie. Baba hathubutu kulivuka neno lake. Na mimi siolewi bila mkono wake kichwani."

Tukavuka korido, tukamweleza Elieth. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Fredy alikuwa amesimama kwenye friji na chupa ya maji haijafika mdomoni.

"Huyo bibi anajua Kiingereza?" Elieth akauliza.

"Hata kidogo," akasema Nivi. "Lakini nitatafsiri."

"Hapana. Mara ya kwanza nilitafsiriwa, na matokeo mnayaona. Nitamwambia mwenyewe kwamba nimefurahi. Kwa Kihindi chake."

Makena alikuwepo. Makena ni Mkenya wa Meru, anafanya kazi na Elieth kwenye nyumba ya kulelea wazee, na hakuna siku ya ofu asiyoimalizia kwetu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Aki Mama Fredy! Hata Kiswahili unaongea ni kama unalipishwa kwa kila neno. Sasa Kihindi?"

"Nitajifunza."

"Hiyo mdomo itafunguka?"

"Itafunguka," akasema Elieth, akapuliza makapi.

Nikajigonga kifua. "Mwalimu mnaye hapa!" Maana mimi nimekulia Tanga mjini, na sinema za Kihindi tulizitazama tangu tuko wadogo, tunaingia wawili kwa tiketi moja, tunalia pamoja na mama wa jambazi. Nikasimama katikati ya sebule, nikaweka mkono moyoni, nikamwaga Kihindi changu chote, pamoja na kile cha kukimbia kuzunguka mti. Nivi akajifunika uso na mto wa kochi. Nilidhani amevutiwa.

Jumamosi nikampeleka Elieth Langley Park, kwenye duka la viungo la Kusum. Kusum ni Mhindi wa Mwanza. Alizaliwa Mwanza, akasoma Mwanza, na ukimkuta ameikasirikia dunia anatukana kwa Kisukuma. Nilitaka tu anisikilize, athibitishe kwamba naongea sawasawa. Nikamwaga tena.

Kusum akaweka chini gunia la dengu. "Mama Jacky, hayo maneno unataka kumwambia nani?"

"Bibi wa watu. Wa Bareilly."

"Ukimwambia hayo atadhani unamtongoza."

Elieth hakucheka. Alisogea mbele yangu, akaweka pochi juu ya kaunta. "Dada Kusum, mimi sitaki ya sinema. Nataka ya heshima. Nataka nimwambie nimefurahi, asikie kwamba ni kweli, na asinione nimekosa adabu."

Kusum akamwangalia. Akamwachia binamu yake wateja, akatuingiza nyuma, kwenye harufu ya bizari na makatoni ya maembe ya kopo. "Mimi ni Mgujarati," akasema, "Kihindi changu si cha nyumbani, nimekiokota. Lakini hilo nalijua. Sikiliza. Furaha ya heshima haipigi kelele, inainama. Unaunganisha viganja hivi. Sauti chini. Humwambii 'nimefurahi' kama mtu aliyeshinda mpira. Unamwambia bahati ni yetu sisi, yeye ndiye aliyeileta. *Yeh hamari khushkismati hai ki aap aayin.* Ni bahati yetu njema kwamba umekuja."

"Kismati!" nikadakia. "Hilo letu!"

"Ni letu sote. Halafu: *Aap se milkar bahut khushi hui.* Kukutana nawe kumeleta furaha kubwa. Na mwisho kabisa, mambo yakishatulia, ndiyo unasema la kwako: *Mujhe santosh hai.* Nimeridhika. Nimetosheka."

"Santosh," Elieth akasema polepole. "Kutosheka."

"Hilo hulisemi kabla ya wakati. Kutosheka si salamu."

Wallahi sijaona mtu akijifunza kama yule mwanamke. Alisema Kihindi akitandika vitanda vya wazee kazini, mpaka mzee mmoja, Makena ndiye aliyetuletea habari, akaanza kumjibu "khushi" kila akiletewa uji. Alikisema kwenye basi la Georgia Avenue, midomo inatikisika, watu wakidhani anasali, mmoja akampisha kiti. Ile "kh" ilimshinda. Wahaya, watu wa kwao, hawanayo. Alikuwa anasema "hushi, hushi" kama anafukuza kuku.

"Sema kheri," nikamwambia. "Sema kama Muislamu wa Tanga."

"Heri."

"Toa kohoni, mwenzangu! Kama una kohozi na hutaki lijulikane."

"Kkheri."

"Hapo hapo! Usihame!"

Akakaa hapo hapo. Jioni nikiwa jikoni kwangu namsikia ng'ambo ya korido, *khushi, khushi, khushi*, kama cherehani. Nikatoka nikamgongea mlango nimwambie apumzike. Akagonga kwa ndani kunijibu, akaendelea.

Na hakuishia kwenye maneno. Kusum alimwonya kwamba bibi wa umri ule wa huko kwao huenda hagusi chakula kilichopikwa kwenye chungu kilichopita nyama. Elieth akanunua sufuria mpya, seti nzima inayong'aa, kikaangio kipya, mwiko mpya, hata ubao wa chapati. Akasugua friji. Senene zake, panzi wa kukaanga alizoletewa kutoka Bukoba, zile ambazo hata mimi hunipimia kwa vidole, akazileta kwenye friza yangu.

"Zote?" nikauliza.

"Zote. Na nimezihesabu, Mama Jacky."

"Umenidhania nini?"

"Nimekudhania unavyojijua."

Jumapili ya ugeni ikafika. Mwaka ule, tisini na tisa, stesheni ya treni ya Columbia Heights ilikuwa bado haijafunguliwa, Fourteenth Street imechimbwa kama shamba la viazi. Fredy alikwenda Greenbelt kuwachukua, na sisi tukabaki dirishani. Baba mtu hakuja. Dadi alisema anataka aende yeye na mjukuu wake tu. Ndani kulikuwa na maharage ya nazi, mchicha, ndizi mbivu za kukaanga, chapati zimefunikwa kitambaa, na kachori ambazo Kusum mwenyewe alizionja akanyamaza, na Kusum kunyamaza ni cheti. Hakuna kitunguu, hakuna saumu, tusije tukakosea. Elieth kavaa kitenge cha kijani, kasimama katikati ya sebule, viganja vimeungana, anasubiri kama mtoto wa komunyo.

Nilimwambia Makena kabla: "Vigelegele hapana. Kusum kasema furaha inainama."

"Sawa, sawa, nimeskia."

Mlango ukafunguka. Akaingia bibi mdogo, mfupi kuliko mwanangu Jacky wa darasa la saba, sari nyeupe yenye ukingo wa buluu, raba za michezo miguuni kwa sababu ya vifusi vya barabarani, na macho, mama yangu! Macho yaliyoingia ndani kabla yake, yakatazama dari, zulia, picha ya marehemu mume wa Elieth, sisi, na mwisho Elieth. Elieth akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Makena akapiga kigelegele.

Si kigelegele cha kawaida, cha Meru mlimani, cha kuita kijiji kingine. Yule bibi akaruka akamshika Nivi. Elieth mdomo ukabaki wazi na Kihindi chote kikaruka dirishani. Nilikiona kikienda.

"Sori," akasema Makena. "Ilitoka yenyewe."

Nivi akacheka, akamweleza bibi yake, bibi akatikisa kichwa taratibu, akaketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, mikono mapajani. Elieth akaenda jikoni akarudi na sinia: glasi ya maji juu ya kisahani. Akapiga goti kidogo, akamnyooshea.

Dadi akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa. "*Nahin, nahin.*"

Hilo nalijua hata kwa sinema. Hapana.

Sasa kwetu mgeni ana ngazi zake. Mara ya kwanza anakataa kwa adabu, mara ya pili kwa aibu, ya tatu anapokea na kusema "mmejisumbua." Elieth akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki. Dadi akainusa, nikaona pua yake inaitaka, akaunganisha viganja: "*Nahin, bas.*" Elieth akaandika meza. Sufuria mpya zikafunuliwa moja moja, Nivi akaeleza kwa Kihindi kwamba nyama haijapita humo, kwamba hata mwiko ni mpya. Dadi alisikiliza. Akainuka, akaenda mpaka mezani, akaangalia kila chakula kama daktari anavyopita wodini, akasema kitu kirefu kwa sauti laini, akarudi kukaa.

"Anasema vinapendeza sana," Nivi akatafsiri, sauti inapungua. "Anasema... anasema hatakula."

"Hata maji?" akauliza Fredy.

Nivi akauliza. Bibi akajibu.

"Hata maji. Siyo ya hapa." Nivi naye alikuwa ameshangaa, nilimwona anavyoizungusha bangili yake. "Sijui kwa nini. Nyumbani anakunywa maji kutwa."

Makena akaniinamia sikioni. "Huyu shosho ametukataa. Mtu akikataa maji kwako, si basi?"

Nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Kwetu adui anakunywa maji yako. Mdai anakunywa. Mtu anayekataa maji amekuja kusema jambo, akishalisema anaondoka. Fredy alikwishakaa kwenye mkono wa kochi, mabega chini.

Elieth akaingia jikoni. Nikamfuata, nikarudisha mlango.

"Mama Fredy, pole, mwenzangu. Tulijitahidi."

Alikuwa ananawa uso kwenye sinki. "Pole ya nini?"

"Si unaona? Amekataa kila kitu."

"Amekataa maji," akasema, akajipangusa kwa kitambaa cha vyombo. "Mimi siku ile Greenbelt sikucheka. Wakasema nimekataa. Nilikuwa nimekataa?"

"Hukukataa."

"Basi. Huyu mama ana kitu chake. Namwona kwenye mikono, anavyoifunga. Ni mimi mtupu. Akitaka kuondoka aondoke, lakini hataondoka mpaka nimemwambia. Haya maneno nimeyatandikia vitanda vya wazee wa watu, Mama Jacky. Siyarudishi Langley Park. Niangalie, uso wangu ukoje?"

"Kama mlango wa benki."

"Basi maneno yatafungua. Nifungulie mlango."

Akatoka. Hakusimama mbele ya Dadi. Alifanya wanavyofanya wanawake wa kwao mbele ya mkubwa: alipiga magoti, yote mawili, juu ya zulia, mwanamke mzima mwenye maumivu ya mgongo. Akaunganisha viganja. Akainamisha kichwa kidogo tu.

"*Yeh hamari khushkismati hai,*" akasema, polepole, kama anavuka mto kwa mawe, "*ki aap aayin.*"

Jiwe moja. Akapumua.

"*Aap se milkar bahut...*" Akasimama hapo. Nikakohoa, khh! Akaidaka. "*...bahut khushi hui.*"

Ilitoka kohoni, wallahi, Tanga nzima ingepokea. Na sauti yake ikakatika mwishoni. Machozi mawili yakashuka kwenye ule uso ambao haukutikisika hata kidogo, kama mvua kwenye ukuta.

Dadi aliruka kutoka kwenye kochi. Akamshika Elieth mabega, anamvuta juu, anasema "*Nahin, nahin!*" nyingine kabisa, ya kushtuka. Umbo lenyewe dogo, lakini alimwinua. Wakabaki wameshikana mikono, na bibi akaanza kumwaga maneno, anacheka na kulia, anamwita *samdhan ji, samdhan ji*, na Nivi anakimbilia nyuma yake kutafsiri kama mtu anayekimbiza basi.

"Anasema usipige magoti! Anasema wewe ni samdhan wake, ni mkwe mwenzake, upande wa mume, yeye ndiye anayetakiwa kuinama. Anasema..." Nivi akamgeukia, akauliza kitu. Bibi akajibu, anaonyesha ile glasi ya maji. Nivi akaweka mikono yote miwili mdomoni.

"Nini?" Fredy akapiga kelele. "Nini?"

"Anasema kwao wazee wa binti hawanywi maji ya nyumba alikoolewa binti. Hata tone. Kwa sababu binti wametoa, na kilichotolewa hakirudishi kitu. Anasema mama yake alikuwa akija kumsalimia na maji yake kwenye chupa. Mimi sikujua! Hapa Marekani kwetu hajaolewa mtu bado, nani angeniambia?"

"Ngoja kwanza," akasema Makena. "Kwa hiyo akikataa maji..."

"Alipopita tu mlango ule," Nivi akasema, sasa analia wazi, "aliona hii ni nyumba yangu."

Hapo Makena aliniangalia, nikamwangalia, nikamwambia, "Haya, piga." Akapiga. Na safari hii Dadi hakuruka.

Ingekuwa mtu mwingine, hadithi ingeishia hapo, watu wakakumbatiana wakaagana. Lakini Elieth alikuwa amesimama katikati ya sebule, anatazama meza yake.

"Bibi huyu ametoka Greenbelt mchana kweupe," akasema. "Ana kiu na ana njaa. Hawezi kuondoka Columbia Heights hivyo. Haiwezekani."

"Mama, si ameeleza?" Fredy akasema.

"Ameeleza hanywi maji ya nyumba hii." Akanigeukia. Nikaona lile jicho. "Mama Jacky. Kwako ni nyumba hii?"

"Kwangu ni kwangu!" nikasema. "Fredy si wa damu yangu, wala hatujachanjiana udugu. Nivi, mwulize bibi!"

Nivi akauliza. Dadi akafikiri, kichwa upande. Akauliza swali lake: huyo jirani ana undugu wowote na kijana? Hana. Anakula kwao? Jibu la hilo nikaomba lisitafsiriwe. Bibi akajifunga sari vizuri, akavaa raba zake, akavuka korido hatua chache zile kama balozi. Kwangu nikafungua bomba langu, nikajaza glasi yangu, nikampa. Akaishusha yote bila kupumua. Maskini, alikuwa amekauka kweli!

Fredy akaja nyuma na sufuria ya maharage. Dadi akainua mkono kumzuia mlangoni. Akasema neno.

"Hicho kimepikwa kule," Nivi akasema. "Ni kilekile."

"Basi tunapika upya," akasema Elieth, kama mtu anayesema basi tunafunga dirisha.

"Na sufuria?" nikamuuliza. "Zangu zote zimepita nyama. Moja jana tu imepita utumbo."

Elieth akachukua ile sufuria mkononi mwa mwanawe, akamimina maharage kwenye bakuli la Makena, akaiosha kwa bomba langu, akaniwekea mikononi. "Hii ni yako. Na nyingine zote, na kikaangio, na mwiko, na ubao. Nimekupa. Mashahidi mpo?"

"Tupo!" akasema Makena, ambaye bakuli lilikwishaanza kupungua.

"Unanipa kabisa, au mpaka jioni?" nikauliza, maana namjua.

"Kabisa."

Basi tukakanda unga wangu, tukachemsha dengu zangu. Chakula cha kule Fredy akakigawa koridoni, Wasalvador wakapanda na sahani, wakaleta na kabichi yao ya siki, na Jacky wangu, anayeelewa Kiswahili chote ila hajibu kwa Kiswahili, akawa bawabu wa mlango. Nyumba ikajaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Dadi akaomba ubao, akakaa kwenye kigoda changu, akasukuma chapati mwenyewe, duara kama sahani, akamsahihisha Elieth kwa kumpiga kidole kidogo kwenye kifundo cha mkono. Elieth akachoma. Hawakuwa na lugha, walikuwa na unga.

Bibi akala akamaliza, akanawa, akasema anataka simu. Akampigia mwanawe Greenbelt kwa simu yangu ya ukutani, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka Bareilly hasa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, si kusikiliza, nilikuwa napangusa kabati. Nikaokota "bahut khushi" na "samdhan."

"Anasemaje?" Elieth akauliza bila kugeuka.

Nivi akasikiliza. "Anamwambia baba, 'Hujui kutazama watu. Huyu mama hacheki, lakini amefurahi. Mama mkwe wangu mimi alikuwa hivyo hivyo, na alinilea.' Na anamwambia atafute tarehe."

Elieth akageuza chapati. Akaibonyeza pembeni mpaka ikafura. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akamgeukia yule bibi aliyekuwa anakata simu, akaunganisha viganja vyenye unga.

"*Mujhe santosh hai,*" akasema.

Akacheka. Nimekaa na yule mwanamke mlango kwa mlango miaka yote hiyo, na siku ile ndiyo nilijua ana mwanya.